Barua ya wazi: tumelipa dola milioni 90 kwa nikeli ambayo bado imo ardhini

Kwa Mheshimiwa Spika na Wabunge wa Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria. Kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Waheshimiwa,

Julai 2024 Serikali yetu ilikubali kuilipa kampuni ya Indiana Resources ya Australia dola milioni 90 za Marekani. Kwa viwango vya fedha vya siku zile, hizo si chini ya shilingi bilioni 230. Sababu ni kilima cha Ntaka, hapa wilayani Nachingwea, ambacho ndani yake mna nikeli. Nikeli yenyewe bado imo humo humo. Mgodi haukujengwa, wala hakuna lori lililoteremka na mzigo kwenda bandari ya Mtwara. Kampuni ilikuwa na leseni hodhi ya mwaka 2015, yaani ruhusa ya kulishikilia eneo na kusubiri mpaka bei ya soko impendeze mwenye leseni ndipo achimbe. Leseni za aina hiyo tulizifuta kwa mabadiliko ya Sheria ya Madini ya 2017 na kanuni za Januari 2018. Kampuni ikapeleka shauri kwenye kituo cha kimataifa cha usuluhishi huko Washington, na Julai 2023 wasuluhishi watatu wakaamua tuilipe zaidi ya dola milioni 109, riba na gharama zikiwemo. Milioni 90 ndiyo bei tuliyofikia baada ya kukaa mezani.

Aliyetaka kujua undani wa malipo hayo, awamu zake na tarehe zake, ilimbidi asome taarifa ambazo kampuni inawatolea wanahisa wake katika soko la hisa la Australia. Mwanahisa wa Perth alipewa mchanganuo. Mkulima wa korosho wa Nachingwea, ambaye kodi yake imo ndani ya hizo milioni 90, hakupewa hata barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Ntaka haiko peke yake. Oktoba 2023 tulikubali kuilipa Winshear Gold ya Canada dola milioni 30 kwa ajili ya eneo la Saza na Makongolosi, kule kwenye dhahabu ya Lupa. Novemba 2024 tukakubali kuilipa Montero Mining, nayo ya Canada, dola milioni 27 kwa ajili ya Wigu Hill mkoani Morogoro. Kampuni tatu, leseni hodhi tatu, jumla dola milioni 147. Hapo sijagusa Bagamoyo, ambako mwaka 2022 baraza la usuluhishi liliamua tuwalipe wawekezaji wa Kiswidi wa mradi wa sukari wa EcoEnergy takriban dola milioni 165. Mwishoni mwa mwaka huohuo ndege ya Air Tanzania ikazuiwa Uholanzi kwa sababu ya deni hilo.

Sisi wa Nachingwea hatuna ugeni na watu wanaokuja na mipango mikubwa. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango wa karanga hapa, Kongwa na Urambo, na kwa kuanzia waliukabidhi kwa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever. Matrekta yalikuja, msitu ukafyekwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Karanga hazikuota kama walivyopiga hesabu, na miaka michache baadaye mpango ukafa na reli ikaja kung'olewa. Lakini angalieni nani alilipa. Hasara ile ya zaidi ya pauni milioni 30 ililipwa na mlipakodi wa Uingereza, kwenye bajeti ya Uingereza, na wabunge wao wakagombana juu yake hadharani huko London. Mpango ulikuwa wao na hasara ikawa yao. Leo mpango ni wa mgeni, uamuzi wa kusubiri bei ni wa mgeni, na hasara ni ya Nachingwea. Katikati ya hapo kuna kitu kilichobadilika, na ndicho kilichonifanya niwaandikie.

Kilichobadilika ni mikataba ya kulinda uwekezaji. Mkataba wetu na Uingereza ulisainiwa Januari 1994, wakati Bunge letu bado ni la chama kimoja, ukaanza kutumika 1996. Wa Uholanzi ulisainiwa 2001. Wa Canada 2013. Ipo na mingine. Lugha yake ni ya upole sana: mwekezaji atatendewa kwa haki na usawa, mali yake haitachukuliwa bila fidia. Nani atapinga hayo? Makali yamo kwenye kifungu cha migogoro. Humo tumeahidi kwamba kampuni ya nchi hiyo ikiona imedhulumiwa, hailazimiki kumalizia safari yake kwenye mahakama zetu. Itatushtaki moja kwa moja, mara nyingi kwenye kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ICSID, kilichoko ndani ya Benki ya Dunia. Kila upande unateua msuluhishi mmoja, wa tatu anakuwa mwenyekiti. Uamuzi wao hauna rufaa ya kawaida; unaweza tu kuomba ubatilishwe kwa sababu chache finyu, na kukosea kutafsiri sheria si mojawapo. Ukishatoka, unakaziwa katika nchi yoyote mwanachama, na wanachama wamepita 150. Ndiyo maana ndege inaweza kuzuiwa Ulaya kwa jambo lililotokea Bagamoyo.

Waheshimiwa, haki hii haina mwingine aliye nayo. Mfanyabiashara wa Kariakoo akifutiwa leseni, njia yake ni mahakama za hapa. Kampuni ya Kitanzania ikinyang'anywa kitalu, hivyo hivyo. Serikali yenyewe kwa kawaida haiwezi kuianza kesi chini ya mikataba hiyo. Kazi yake ni kujibu. Na mwanakijiji aliyeharibiwa maji yake na mgodi hatajwi popote.

Tena mlango ni mpana kuliko tulivyodhani tulipousaini. Tanzania haina mkataba wa namna hii na Australia. Indiana iliingiaje? Iliingia kupitia kampuni zake zilizoandikishwa Uingereza, kwa mkataba wa 1994. Tuliahidi nchi moja, tukajikuta tumeahidi yeyote mwenye uwezo wa kuandikisha ofisi katika nchi hiyo. Na gharama za kesi haikuzibeba peke yake: zilikopeshwa na kampuni ambayo biashara yake ni kugharimia mashauri ya watu ili igawane kitakachopatikana. Winshear na Montero nazo zilikuwa na wafadhili wa aina hiyo hiyo. Kwa hiyo sehemu ya fedha zetu haikwenda hata kwa mtu aliyewahi kushika nyundo ya mjiolojia huku kwetu. Imekwenda kwa watu waliocheza kamari kwamba tutashindwa, na wakapata.

Mtaniambia kwamba wasuluhishi ni watu waadilifu na kwamba mara nyingine tunashinda. Ni kweli, na mfano wa kushinda kwetu ndio unaonisumbua zaidi. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka City Water. Mwaka 2003, kwa shinikizo la masharti ya wakopeshaji wa kimataifa, maji ya jiji yalikabidhiwa kwa kampuni hiyo iliyoongozwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani. Mabomba yaliendelea kukauka, makusanyo yakawa hafifu, na Mei 2005 Serikali ikatangaza kuvunja mkataba. Juni wakuu watatu wa kampuni wakaondoshwa nchini. Biwater wakatushtaki chini ya mkataba huohuo wa Uingereza. Asasi zetu, zikiwemo LEAT ya wanasheria wa mazingira, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TGNP, mtandao wa jinsia, ziliomba kusikilizwa, kwa hoja kwamba maji ni jambo la wananchi na si la pande mbili tu. Mwaka 2007 baraza likawaruhusu kuleta maandishi. Nyaraka za kesi hawakupewa, na kwenye kikao hawakuruhusiwa kuingia. Waliandika juu ya kesi ambayo hawakuruhusiwa kuisoma.

Julai 2008 uamuzi ukatoka: Tanzania imevunja mkataba wa kulinda uwekezaji, ila kampuni haikuwa na thamani yoyote iliyobaki ya kufidiwa, kwa hiyo haistahili hata senti. Tulishangilia. Lakini hebu fikirini maana yake. Kampuni imeshindwa kufikisha maji kwenye bomba, imevunjiwa mkataba, na bado tumepambana nayo miaka karibu mitatu na kulipa mawakili wetu wenyewe. Huko ndiko kushinda. Na sehemu ya makosa tuliyokutwa nayo ni ya kujitakia: kutangaza kwenye vyombo vya habari kabla taratibu hazijakwisha, na kuwafukuza watu kwa kishindo. Hilo nitalirudia.

Sasa geuzeni upande. Wakurya wa Nyamongo, jirani na mgodi wa North Mara, kwa miaka mingi wamelalamika kwamba ndugu zao wameuawa na wengine kujeruhiwa na polisi wanaolinda mgodi. Baadhi yao walifungua kesi London dhidi ya African Barrick Gold, na mwaka 2015 ikamalizwa nje ya mahakama. Wengine mwaka 2022 walifungua kesi Ontario, Canada, yaliko makao makuu ya Barrick. Kampuni inayakana madai hayo, na mimi si hakimu wa kuamua nani mkweli. Ninachotaka mwone ni mahali. Novemba 2024 mahakama ya huko, katika ngazi ya kwanza, ilikataa kuisikiliza. Ikasema haina mamlaka, na kwamba Tanzania ndiyo mahali panapofaa zaidi.

Yaani kampuni ya Canada ikiwa na ugomvi na Tanzania, mahakama za Tanzania hazitoshi, iende kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mtanzania akiwa na ugomvi na kampuni ya Canada, mahakama za Tanzania zinamtosha, arudi kwao. Mwezi uleule wa Novemba 2024 ndio tuliokubaliana na Montero. Sikuongeza chumvi hapo, tarehe ndizo zilivyo.

Nimesema nitarudia makosa yetu. Julai 2017 Bunge lilipitisha, kwa hati ya dharura, Sheria ya Mamlaka ya Nchi kuhusiana na Umiliki wa Maliasili, Sheria ya Mapitio na Majadiliano kuhusu Masharti Hasi katika Mikataba ya Maliasili za Nchi, na marekebisho makubwa ya Sheria ya Madini. Mimi niliziunga mkono, na naziunga mkono hadi leo. Kuliacha eneo lenye madini likishikiliwa na mtu anayesubiri bei ilhali vijana wa hapo hapo wanakimbizwa kwa kuokota mawe ni jambo lililostahili kukomeshwa. Sheria ya kwanza inasema mgogoro wa maliasili yetu hautapelekwa mahakama za nje. Inasomeka vizuri sana. Tatizo ni kwamba ahadi ya kwenda Washington ilikuwa bado iko hai kwenye mkataba wa Uingereza, wa Canada, wa Uswidi, na sheria ya ndani haiwezi kuifuta ahadi tuliyompa mtu wa nje kwa saini yetu. Tulifunga mlango wa mbele kwa kishindo, makofi yakapigwa, na ule wa nyuma tuliousaini wenyewe ukabaki wazi.

Mambo yote mawili yangewezekana. Tungetoa notisi kwanza, tukawaita wenye leseni hodhi mmoja mmoja, tukawapa muda wa kuchimba au kurudisha, na ambaye hakufanya lolote angekuwa na hoja dhaifu zaidi mbele ya baraza lolote duniani. Kazi hiyo ingechukua labda miaka miwili. Tuliifanya kwa siku chache, kwa zimamoto, na mwisho wa yote ni dola milioni 147. Namwambia hivi kwa heshima yule Mbunge aliyepiga meza siku ile: nia yako ilikuwa njema, lakini je, uliusoma mkataba wa 1994 kabla ya kupiga meza? Kuna mtu yeyote aliyekuletea nakala?

Makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, nayo yapo kwenye kapu hilohilo. Machi 2017 tulizuia usafirishaji, makontena 277 yakakwama bandarini, kamati ya Profesa Mruma na ya Profesa Osoro zikaleta ripoti zake, na Julai Acacia, kampuni iliyokuwa chini ya Barrick, ikapelekewa madai ya kodi ya dola bilioni 190. Tuliishia na dola milioni 300, zile zilizobatizwa kishika uchumba, na hisa asilimia 16 katika Twiga Minerals, kampuni ya ubia kati yetu na Barrick, kwa makubaliano ya Januari 2020. Kuna wanaocheka. Mimi sicheki, kwa sababu kabla ya 2017 hata hizo asilimia 16 hatukuwa nazo, na meza ile ilitufundisha kwamba kampuni kubwa inaweza kukaa na kuzungumza ikibanwa. Ila ile bilioni 190 ilitupunguzia heshima. Dai usiloweza kulitetea kwa hesabu mbele ya wasuluhishi linakuwa zawadi kwa mawakili wa upande wa pili.

Madhara makubwa ya mikataba hii, kwa maoni yangu, si hata fedha zilizokwisha lipwa. Ni yale yanayotokea ofisini kabla kanuni haijaandikwa. Mtaalamu wa wizara anaandaa kanuni ya mazingira au ya afya, anapokea barua ya wakili wa ng'ambo iliyojaa namba za vifungu, anapiga hesabu ya kesi ya miaka sita, anaiweka rasimu kabatini. Philip Morris iliishtaki Uruguay, nchi yenye watu wapatao milioni tatu na nusu, mwaka 2010 kwa sababu ya masharti ya pakiti za sigara. Uruguay ilishinda 2016. Miaka yote hiyo sita, kila waziri wa afya wa nchi maskini aliyekuwa anataka masharti kama yale alikuwa ameambiwa la kuogopa. Pakistan mwaka 2019 iliamriwa kuilipa kampuni ya ubia ya Barrick na Antofagasta zaidi ya dola bilioni 5 kwa mgodi wa Reko Diq, ambao ulikuwa haujajengwa. Mwezi huohuo IMF ilikuwa imeidhinishia nchi hiyo mkopo wa dola bilioni 6. Mkono mmoja unapokea kwa masharti, mwingine unadaiwa karibu kiasi kilekile.

Jirani zetu wa Kenya wametuonyesha kinyume chake. Kampuni ya Cortec ilidai fidia ya mabilioni ya dola kwa kufutiwa leseni ya Mrima, Kwale, kilima chenye msitu wa kaya ambao ni hifadhi na mahali patakatifu pa Wadigo. Oktoba 2018 baraza lilisema leseni yenyewe haikuwa halali, kwa kuwa ilitolewa bila tathmini ya athari za mazingira kama sheria ya Kenya inavyotaka. Kampuni ikapoteza na kuamriwa kulipa gharama. Kwa hiyo sheria ya mazingira, mkiifuata kabla ya kutoa leseni na si baada ya kugombana, ni kinga kuliko hotuba yoyote ya uzalendo. Hapa kwetu mara ngapi leseni imetangulia na tathmini ikafuata mbio?

Najua jibu lililoko mezani kwenu: tukiiondoa mikataba hii wawekezaji watakimbia. Brazil haijawahi kuridhia hata mkataba mmoja unaompa mwekezaji haki ya kuishtaki nchi namna hiyo, na kwa miongo mingi imekuwa miongoni mwa nchi zinazopokea mitaji mingi zaidi duniani. Afrika Kusini, baada ya kushtakiwa na wachimbaji wa Kiitaliano kwa sababu ya sheria yake ya kuwainua Waafrika kiuchumi, ilianza kuifuta mikataba ya nchi za Ulaya na mwaka 2015 ikatunga sheria yake ya kulinda uwekezaji. SADC, ambamo sisi ni wanachama, mwaka 2016 iliirekebisha itifaki yake na kuiondoa haki hiyo ya kushtaki. Mwekezaji anayeogopa siasa za nchi anaweza kununua bima, na Benki ya Dunia hiyo hiyo inaiuza kupitia MIGA, shirika lake la dhamana za uwekezaji. Biashara yoyote ina hatari zake; sioni kwa nini ya kwake peke yake alipiwe na mama muuza vitumbua wa Masasi.

Nasi tulishaanza. Septemba 2018 tuliwapa Waholanzi notisi, na mkataba wao ukakoma Aprili 2019. Hata hivyo, uwekezaji uliofanyika kabla ya siku hiyo unaendelea kulindwa kwa miaka 15 zaidi, hadi 2034. Kila mwaka tunaochelewa kutoa notisi kwa wengine tunausogeza mbele mkia wa namna hiyo. Baada ya Uholanzi, tukanyamaza. Mkataba wa Uingereza, ambao ndio uliotumika kwa City Water na kwa Ntaka, mpaka leo sijasikia Waziri yeyote akiutaja kwa jina ndani ya Bunge wakati wa bajeti.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Sheria ya 2017 ya masharti hasi inataka mikataba ya maliasili iletwe bungeni, Bunge likijue kilichomo. Sheria ya uwazi na uwajibikaji katika uziduaji ya 2015 inamtaka Waziri aweke mikataba hadharani, na utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Sheria tunazo. Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee, na hapa daftari lipo ila limefungiwa.

Msiniambie wananchi hawawezi kuelewa mambo ya mikataba. Mwaka 2023, makubaliano ya bandari kati yetu na Dubai yalipofika mikononi mwa watu, nchi nzima iligeuka darasa la sheria. Kwenye daladala, vijiwe vya kahawa, kanisani na msikitini, kila mtu alikuwa na lake kuhusu ibara ya 23 na namna ya kujitoa. Wengine walikosea, wengine walitia chumvi, wapo waliokamatwa. Lakini Serikali ilipokuja kusaini mikataba ya utekelezaji Oktoba mwaka huo, ilijikuta inaeleza muda, kikomo na namna ya kuvunja, mambo ambayo mwanzo hayakuelezwa hivyo. Kelele zile zilisaidia nchi. Mngeipa nchi nafasi hiyo 1994, huenda kilima cha Ntaka kisingetugharimu hivi.

Kwa hiyo naomba haya. Toeni notisi ya kujitoa kwa Uingereza na Canada, na kwa wote ambao muda wa mikataba yao unaruhusu. Wakitaka mpya, iandikwe bila haki ya kuruka mahakama zetu, na iwe na wajibu wa mwekezaji kwa jamii inayomzunguka, ili mtu wa Nyamongo naye awe na pa kusimama. Mkataba wowote mpya wa aina hii usisainiwe kabla haujatafsiriwa kwa Kiswahili na kukaa mezani kwa wabunge kwa muda wa kutosha kusomwa, si usiku mmoja. Hati ya dharura isitumike tena kwa sheria inayogusa leseni za wageni. Anayefaidi dharura hiyo ni wakili wa upande wa pili. Na malipo ya kesi hizi yaonekane kwenye vitabu vya bajeti kwa fungu lake, kesi kwa kesi, badala ya kuyasoma kwenye matangazo ya soko la hisa la nje.

Waheshimiwa Wabunge, makadirio ya Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali yatakapofika mbele yenu, naomba mmoja wenu, wa chama chochote, aulize: tuna kesi ngapi za uwekezaji zilizo wazi leo, tumelipa kiasi gani tangu 2017, na mkataba wa Uingereza utapewa notisi lini? Wa Lindi na Mtwara wakiuliza itapendeza zaidi, lakini sichagui. Majibu yakitoka kwa maandishi, nakala moja iletwe Halmashauri ya Nachingwea ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, karibu na bei elekezi za korosho. Hapo kila mtu husimama akasoma.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi, Nachingwea, Lindi